Mkono Uliochonga Nembo za Pijo

Mzee Abdulghani alipokohoa mara mbili, Kuluthum aliinua tupa kutoka kwenye shaba na kuishikilia hewani. Ndio uliokuwa utaratibu wa nyumba ile. Kikohozi kimoja kilikuwa kikohozi tu, cha vumbi au cha uzee. Vikifuatana viwili, maana yake mgeni yuko mlangoni na mikono ya chumba cha nyuma itulie. Hapo mzee naye hukamata tupa yake barazani na kuanza kupiga kipande cha shaba kilichobanwa kwenye jiliwa, ili mgeni akiingia amkute kazini.

Kipande hicho hakikuwa kazi ya mtu yeyote. Kilikuwa cha kuonyesha. Kilibanwa pale miaka minane iliyopita, na kwa kuwa kila mgeni alikipunguza kidogo, sasa kilikuwa chembamba kiasi cha kupinda kwa kidole. Hakuna aliyewahi kuuliza kitakuwa nini kikiisha. Watu wakija kwa fundi mwenye jina huja na heshima zao, wakakaa, wakasubiri aweke tupa chini mwenyewe. Na mikono ikiwa mbioni, mtetemeko hauonekani.

Mtetemeko ndio uliokuwa siri ya nyumba hiyo ya Mishomoroni. Mzee Abdulghani alikuwa sonara mwana wa sonara. Ujanani alitengeneza vipuli, vikuku na vibweta vya fedha, na mabibi harusi wengi wa Kisauni waliingia ukumbini na kazi ya mkono wake masikioni. Kisha dhahabu ya Dubai ikaja imekwisha tengenezwa, inang'aa, haihitaji kusubiriwa, na sonara wakawa watu wa kurekebisha vidani vilivyovunjika. Kilichomwokoa mzee ni wazimu mpya wa wenye nafasi zao: kufufua magari ya zamani. Gari likitoka gereji limepakwa rangi mpya na kuwekwa viti vipya, mwenyewe hugundua kwamba nembo zake zimepotea na kiwandani hazitengenezwi tena. Ndipo huambiwa, nenda Mishomoroni, yuko mzee mmoja anakata shaba kama unakata karatasi.

Na kweli alikuwepo anayekata hivyo, ila hakuwa mzee.

Ilianza kwa namna ambayo hata ukitaka kumkasirikia mtu hujui uanzie wapi. Mwaka ambao mamake Kuluthum, marehemu Mwanasaumu, alifariki dunia, mikono ya mzee ilianza kutetemeka. Asubuhi moja alikuwa na nembo ya gari la Foksi la mtu kutoka Nyali, na hadi adhuhuri alikuwa amevunja nyembe saba za msumeno wa sonara, zile nyuzi za chuma nyembamba ambazo hazivumilii mkono usiotulia. Alikwenda kuswali, akarudi akalala. Kuluthum, aliyekuwa na miaka ishirini na saba na aliyekulia chini ya meza ile akiokota chenga za shaba, akaikata nembo, akaipiga tupa, akaing'arisha. Jioni mwenye gari alikuja, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Mzee, mkono wako haujazeeka!" Mzee Abdulghani alimtazama bintiye, kisha akasema, "Alhamdulillahi." Hakusema uongo hata neno moja. Laiti angesema uongo ulionyooka, labda siku moja ungeweza kukanushwa.

Tangu siku hiyo Kuluthum alifanya kazi nyuma ya pazia, dirisha limefungwa ili jirani asichungulie, redio imefunguliwa ili sauti za tupa mbili zisisikike nyumba yenye fundi mmoja. Kucha zake ziliingia weusi wa shaba usiotoka kwa sabuni, akaufunika kwa hina. Harusini wenzake walimtania: Kuluthum, wewe kila siku ni bibi harusi, bwana yuko wapi? Naye alicheka nao. Bwana alikuwepo mmoja, Zaid, mtu wa watu, aliyekuja na wazee wake kuposa kwa adabu zote. Mzee alisema wasubiri kidogo. Walisubiri miaka mitatu. Sasa Zaid ana watoto wawili, na Kuluthum ana miaka thelathini na mitano, na hakuna aliyewahi kusema kwa sauti kwamba bibi harusi angeondoka na mikono yake.

Mikono yenyewe, tena, ilikuwa na kisa chake. Kuluthum alizaliwa mashoto. Kwa mzee Abdulghani hilo lilikuwa jambo la kurekebishwa, si la kujadiliwa. Mkono wa kushoto una kazi yake inayojulikana, na kula, kuandika na kupokea kitu cha mtu si kazi hiyo. Alipokuwa na miaka mitano, babake alimfunga mkono ule kwa utepe wa leso kwenye mguu wa kiti, kila wakati wa chakula na kila wakati wa kuandika, mpaka ule wa kulia ujifunze. Mzee akitoka kwenda msikitini, mama hufungua fundo. Akisikia viatu vyake uani, hulifunga tena. Mkono wa kulia ulijifunza kula na kuandika. Lakini msumeno na tupa ulivikataa kabisa, na Kuluthum alipokuja kushika kazi, alishika kwa kushoto. Mzee aliona. Alisimama mlangoni kitambo, akageuka, akaenda zake barazani. Hakulisema jambo lile siku hiyo wala siku nyingine.

Basi siku hiyo ya kikohozi, mgeni alikuwa Taha, mwenye duka la matandiko huko mjini, mtu wa makamo, mpole, wa nyumba ya watu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitako. Wataka kunywa nini?"

Taha hakutaka kinywaji, alitaka kusimulia. Kuluthum, nyuma ya pazia na tupa mkononi, alisikia yote. Marehemu babake Taha alikuwa na Pijo 404, ile ndefu ya abiria, aliyoiendesha kati ya Mombasa na Malindi miaka na miaka. Nyuma aliiandika jina la mkewe kwa rangi, kwa herufi za Kiarabu: Shaza. Watu wa Malindi walikuwa hawasemi wamekuja na gari, wanasema wamekuja na Shaza. Pijo ile ilikaa chini ya turubai tangu mzee yule afe, na sasa Taha anaifufua. Gereji iko Changamwe, kwa fundi mmoja wa bara aitwaye Morgan. Simba wa nembo ya mbele hayupo. Tarakimu za nyuma imebaki nne moja tu. Na lile jina la rangi anataka safari hii liwe la shaba.

"Bi Shaza bado yu hai?" mzee aliuliza.

"Yu hai, ila macho yamekwenda. Ndiyo nataka liwe la shaba, baba. Alipapase."

Nyuma ya pazia, Kuluthum aliweka tupa chini polepole. Kazi za watu alizifanya nyingi kwa heshima, lakini hii aliitamani. Shini ina meno matatu na nukta tatu juu, na baada yake iko herufi yenye nukta moja. Nukta nne ambazo haziwezi kukatwa pamoja na jina, lazima zichongwe peke yake na kushikizwa kwa pini, na ziwe zimeinuka kiasi cha kidole kisichoona kuzihesabu. Kabla mgeni hajamaliza kusimulia, yeye alikuwa amekwisha jua atumie shaba ya unene gani.

Ilibaki vipimo. Buti la Pijo lilikuwa limebaki na matundu ya pini na vivuli vya tarakimu kwenye rangi ya zamani, na vivuli hivyo vilipaswa kunakiliwa kwenye karatasi kabla Morgan hajavikwangua. Mzee hangeweza kwenda, kwa sababu penseli haijui kuficha mtetemeko. "Nitampeleka binti yangu achukue vipimo," alimwambia Taha. "Apime tu. Kukata nitakata mimi."

Kuluthum alikwenda Changamwe siku ya pili yake, amevaa buibui jeusi na glavu za pamba, kana kwamba anakwenda kuzuru jamaa. Gereji ya Morgan ilikuwa nyuma ya barabara ya malori ya mafuta, uwanja wenye mabati juu na magari nusunusu chini. Morgan mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuzidi uwanja wake.

"Karibu, dada! Mzee amekutuma? Hiyo buti iko hapo, usiogope mafuta, imeosha."

Kiswahili hicho kilimfanya Kuluthum atabasamu ndani ya mtandio wake. Alipiga magoti nyuma ya Pijo, akavua glavu, akabandika karatasi, akaanza kupaka penseli juu ya matundu na vivuli. Tarakimu zilijitokeza moja baada ya moja. Alisahau alipo. Alisema, bila kugeuka, kwamba tundu hili la mwisho limepanuka kwa kutu, kwa hivyo pini yake iwe nene kuliko nyingine, la sivyo nembo itapiga kelele barabarani. Alipogeuka, Morgan alikuwa ameinama anautazama mkono wake.

"Wewe ni mashoto!" alisema kwa furaha, akainua wake, mkubwa, uliojaa makovu. "Mimi pia. Mwalimu wetu alinichapa huu mkono mpaka yeye ndiye akachoka."

Kuluthum alihamishia penseli mkono wa kulia upesi, na mstari uliofuata ukatoka umepinda.

Morgan akainuka, akapangusa mikono. Alimwonyesha gereji. Dirishani, mahali penye mwanga mzuri, palikuwa na meza ya mbao ngumu, jiliwa jipya, na kiti kisichokuwa na mtu. Alisema anatafuta mtu wa vitu vidogo: nembo, vitasa, vishikio. Wenye magari ya zamani wameunda chama chao na kila mmoja anataka kitu. "Mimi najua bodi na injini. Vidole vya hiyo kazi sina. Nikimpata mtu, meza ni yake, na kila kitu kinatoka na alama yake nyuma. Si yangu. Yake."

Kuluthum aliligusa jiliwa. Lilizunguka bila kelele. Dirisha lilikuwa wazi na watu walipita nje wakisalimiana, na hakuna hata mmoja aliyejali nani anafanya nini mle ndani. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyostahili mtu aliyetumwa kupima.

"Ulikawia," mzee alimwambia aliporudi.

"Njia ilikuwa na malori, baba."

Wiki tatu alifanya kazi ile, na zilikuwa wiki njema na mbaya pamoja. Simba alimchora mara kumi na moja kabla hajaridhika na mkia. Tarakimu alizikata kwa shaba nene, mkono wa kushoto ukishuka na kupanda na msumeno kwa pumzi ndefu, na kingo akazipiga tupa hadi zikawa laini. Jina la Shaza alilifanya la mwisho. Alipomaliza alifumba macho akalipapasa mwenyewe, akahesabu nukta: tatu, moja. Akalipapasa tena. Kisha akaligeuza. Mgongo wa nembo haung'arishwi; huachwa na mikwaruzo ya tupa ili gundi ishike. Hapo ndipo sonara wa ukoo wao hupiga alama yao, nyota ndogo ya pembe tano. Aliipiga nyota ya babake, kama alivyoipiga miaka minane, na safari hii moyo ulimuuma waziwazi. Alitamani kukitupa kile chuma cha nyota kisimani.

Jambo moja hakulifikiria, na mzee pia hakulifikiria, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyekuwa ameutazama mgongo wa nembo kwa jicho la mgeni. Mtu wa kulia akipiga tupa, mikwaruzo hulala upande mmoja. Wa kushoto, hulala upande wa pili. Miaka minane nembo zilitoka Mishomoroni zikabandikwa kwenye magari, migongo ikafichika, na wenye magari hawakuwa watu wa kusoma tupa.

Alhamisi alasiri Taha alikuja kuchukua, na Morgan naye. Vikohozi viwili vikasikika, na mzee akakaribisha wageni akipiga tupa kile kipande chake, kwa mkono wake wa kulia, kama siku zote. Kuluthum alitoka na kahawa na kashata. Taha alilishika jina la mamake, akapitisha kidole kwenye nukta. Aliinama akaubusu mkono wa mzee Abdulghani. Mzee aliuondoa haraka, na Kuluthum peke yake ndiye aliyejua kwamba si unyenyekevu uliomfanya auondoe.

"Hii kazi imeweza," Morgan alisema. Alizigeuza tarakimu moja moja ili atazame pini. Ya kwanza aliipitisha. Ya pili aliisogeza karibu na macho. Kisha akacheka kicheko cha mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

"Mzee wangu, huyu aliyepiga tupa ni mashoto. Ona mikwaruzo inavyolala. Inalala upande wetu." Alimtazama Kuluthum aliyeshika sinia. "Upande wetu, dada, sivyo?"

Morgan hakuwa na ubaya. Tena alidhani analeta heri. Akaendelea mbele kwa mbele, akasema chama cha wenye Pijo kinataka seti kumi na mbili, akasema meza ile dirishani, akasema, "Mzee, nipe huyu binti yako aje Changamwe. Mikono kama hii haifai kufichwa."

Taha alimtazama Morgan, kisha mzee, kisha Kuluthum, jina la mamake likiwa kifuani pake. Miaka minane Kuluthum alikuwa amengoja mtu aseme, na sasa limesemwa na mtu mwingine, kwa sauti kubwa, mchana kweupe. Kilichobaki ni babake kusema ndiyo. Neno moja.

"Mashoto ni mimi," alisema mzee Abdulghani.

Morgan alitazama tupa iliyokuwa ingali katika mkono wa kulia wa mzee.

"Kazi kubwa napiga kwa kulia," mzee alisema, akaihamisha tupa. "Ndogo ndogo hizi, kwa kushoto. Tangu utotoni, wallahi." Alipeleka tupa kwenye kipande. Iliteleza, ikalia, ikakwaruza jiliwa. Alicheka peke yake. Kisha akamgeukia bintiye, na macho yake hayakuwa ya kuamuru, afadhali yangekuwa ya kuamuru. Yalikuwa yanaomba. "Si ndivyo, Kuluthum?"

"Abee, baba."

"Waambie."

Alimwona Taha aliyembusu mzee mkono sasa hivi. Aliona jinsi heshima ya mzee ilivyosimama pale barazani ikingoja kusukumwa kwa kidole kimoja, na kidole ni chake. Na juu ya hayo yote, midomo yake ilikuwa na mazoea ya miaka minane.

"Ndiyo," alisema. "Baba ni mashoto."

Aliisikia sauti yake ikiufunga mlango ambao alikuwa ameusubiri ufunguliwe.

Morgan aliinamisha kichwa. "Samahani, mzee. Nimekosea." Lakini Kuluthum alipokuwa anafunga mlango wa uani nyuma yao, Morgan alijikawiza kidogo akasema chini kwa chini, "Hiyo meza itakaa mpaka mwisho wa mwezi, dada. Baadaye nitatafuta mtu. Sitakuja kuuliza tena."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Kuluthum alizihesabu zote. Siku za kwanza alijidanganya kwamba mzee atasema jambo. Hakusema, ila alikuwa mpole kupita kiasi: alimnunulia viazi karai na bajia, akamwambia apumzike. Siku za katikati alikasirika, akapiga tupa kwa nguvu bila redio, na hakuna aliyesikia. Siku za mwisho alitulia. Alichukua mkoba wa mamake, akatia msumeno wake, nyembe, tupa tatu, bisibisi ndogo. Akatunga maneno, akayapunguza mpaka yakabaki machache: Baba, nakwenda Changamwe. Nitarudi kila jioni. Nitakupikia. Lakini nakwenda.

Kumbe Taha alikuwa amekwisha tangaza, kwa mapenzi yake tu, kwamba yule fundi wa Mishomoroni ni mashoto, ndiyo siri ya mkono wake. Wawili watatu walipita barazani kutaka kuona. Mzee aliwaambia leo mkono unauma, njooni siku nyingine.

Siku ya mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi, Kuluthum alivaa buibui, akachukua mkoba, akaenda barazani na maneno yake mdomoni.

Mzee Abdulghani alikuwa ameketi mbele ya jiliwa. Hakumsikia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na tupa, kidole gumba kinatoka damu, na chini palikuwa na chenga kidogo za shaba na matone mekundu. Mkono wa kulia ulikuwa chini. Kuluthum alidhani ameushusha tu, mpaka aliposogea. Ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa kiti kwa utepe wa leso kuukuu, fundo baya la mtu aliyelifunga kwa mkono mmoja na meno.

Maneno yalimtoka yote kichwani. Alipiga magoti, akashika fundo, na vidole vyake vililijua, maana alikuwa amelitazama fundo kama hilo mamake akilifungua mara nyingi.

"Usifungue," mzee alisema. "Huu wa kulia waingilia. Kila nikianza, watangulia wenyewe." Alipumua. "Kuluthum. Nifundisha."

"Nikufundishe nini, baba?"

"Namna mshikavyo." Hakumtazama. "Nilikosa, mwanangu. Mkono ule ulikuwa mzuri tangu zamani. Niliuona, hata siku ile mlangoni niliuona. Sasa nifundisha, watu wataka kuona."

Miaka thelathini Kuluthum alikuwa ametamani kusikia neno hilo moja, kwamba mkono wake ni mzuri. Lilikuja, na lilikuja namna hii. Angeweza kusimama. Miguu ilikuwa yake, mkoba ulikuwa begani, na Changamwe haikuwa imehama. Alilia, bila kuficha, na mzee alilia pia, na mikono ya mzee, wa kushoto na wa kulia uliofungwa, yote ilitetemeka pamoja.

Kisha akaweka mkoba chini.

"Usikaze kiwiko," alisema. "Legeza. Bega ndilo lisukume." Aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya ule wa babake, wakasukuma tupa pamoja, wakairudisha, wakasukuma. "Ukienda, bonyeza. Ukirudi, usibonyeze. Hivyo. Tena." Kwenye kile kipande cha kuonyesha, mikwaruzo ya miaka minane iliyolala upande wa kulia ilianza kufutika chini ya mipya. Mzee alikuwa msikivu. Alirudia alichoambiwa, alipokosea aliomba radhi, na Kuluthum alimkosoa kwa sauti ileile ambayo mzee alimfundishia kuandika.

Walikuwa bado wanasukuma pamoja viatu vya watu viliposikika uchochoroni, na mtu akauliza mwenzake, ndiyo nyumba hii? Mzee alitazama mlango, akamtazama bintiye. Akakohoa mara mbili.

Kuluthum alimfungua mkono, akautia utepe mfukoni mwa buibui, akapangusa damu kwenye tupa kwa upindo wa mtandio. Akachukua mkoba wake, akaingia chumba cha nyuma, akavuta pazia mwenyewe. Nje alimsikia babake akijibu hodi na kukaribisha. Kisha akaisikia tupa ikianza, polepole, kwa mkono wa kushoto. Safari hii haikuteleza.